Fimbo ya Pazia na Presha ya Mama Mkwe

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe anakuja Jumamosi. Mke wangu ameomba jambo moja tu: fimbo ya pazia ifungwe sebuleni, mama yake aikute nyumba iliyokamilika, angalau safari hii. Alisema taratibu, bila kunitazama. Iliniuma. Kisha akaharibu yote kwa kupendekeza tumwite kaka yake, fundi seremala. Shemeji! Yule anayepiga miluzi akifanya kazi! Nikasema mwenye nyumba hii ni mimi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeazima drili kwa jirani. Akauliza kama nina pimamaji, ya kuhakikisha fimbo imelala sawa. Nikamjibu kwamba jicho langu halijawahi kunidanganya.

Upande wa kushoto nilipima kutoka darini kushuka. Upande wa kulia kabati lilinibana, dari sikuifikia, nikapima kutoka sakafuni kupanda. Kichwa hiki! Nikatoboa. Vumbi hadi kwenye chai. Lakini fimbo imeshika barabara.

Mke akatundika pazia. Pete zote zikateleza kuelekea kabatini, zikajikusanya huko. Akazirudisha. Zikateleza tena. Nikamweleza kwamba haya ni mapazia ya kisasa, yanajifungua yenyewe. Hakucheka.

Ijumaa, 7 Machi

Fimbo imeinama kweli. Nikiitoa, mashimo yatabaki, na mashimo maana yake ni shemeji. Thubutu!

Nimewaza mpaka chai ikapoa. Halafu, wazo! Kitu hakionekani kimeinama kama vyote vilivyo karibu nacho vimeinama vilevile. Nimeinamisha picha ya harusi. Saa ya ukutani. Kalenda. Pete nimezifunga kwa uzi. Safi kabisa! Mke aliporudi kutoka sokoni akasema sebule imependeza, kisha akajikwaa kwenye kochi.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa! Mama mkwe aliketi, akatazama ukuta, kichwa kikaanza kwenda upande. Akashikilia kochi. Akasema dunia inamzunguka, presha imerudi, aitiwe wanawe wote waagane. Mke wangu akaanza kulia. Mama yule ananipenda, huniita mwanangu hata mbele ya shemeji. Nilitaka kusema ukweli. Badala yake nikarukia ukutani, nikaanza kunyoosha picha. Wakadhani nimechanganyikiwa.

Shemeji akaingia akihema. Akatazama ukuta. Akanitazama mimi. Akanyoosha saa, akanyoosha kalenda. Mama mkwe akasema anaanza kupata nafuu. Hapo ndipo mama alipoiona fimbo ilivyoinama.

Akacheka mpaka machozi. Akasema marehemu mumewe aliwahi kuunda kitanda kilichowamwaga chini kila alfajiri, na yeye hakuacha kumpenda hata siku moja. Mke wangu akacheka pia, akanishika mkono. Sijui nilifanya nini kustahili hayo, lakini nilifurahi sana.

Shemeji akaifunga fimbo upya. Kwa miluzi.

Jumapili, 9 Machi

Pazia limetulia. Wote wameenda matembezini, mimi nimebaki na chai yangu nikiutazama ukuta. Na nimegundua jambo. Fimbo imenyooka, sawa, ila sasa kabati ndilo linaloonekana limeinama! Mguu mmoja umezidi urefu. Na nguo zote za mama mkwe zimo humo.

Nimeazima msumeno kwa jirani. Akauliza tena kuhusu pimamaji. Nimemcheka tu.