Gauni la Mama Njoki Lilivyogoma Mgongoni

Jamani, leo nimeaibika mpaka masikio yakashika moto. Na bado yanawaka.

Kwa wasiojua, mimi ndiye mtu wa kompyuta kwenye karakana ya ushonaji hapa Gatina, Kawangware. Tuna mafundi sita, cherehani nane, na mimi nisiyeweza hata kutunga uzi kwenye sindano. Kazi yangu ni mfumo. Mfumo ndio unaojua kitambaa kilichobaki, oda za wiki, nani anashona nini, na vipimo vya kila mteja tangu Madam Mutheu, mwenye karakana, aanze kushona hapa, miaka ishirini na saba sasa. Vipimo vya zamani vilikuwa kwenye madaftari. Nilivichapa mwenyewe, miezi mitatu mizima.

Madam aliununua mfumo huu kwa sababu nilimshawishi. Fundi Kimeu, mkataji wetu mkuu, hakuupenda tangu siku ya kwanza. Yeye anakuangalia mara moja tu, halafu anakata. Madam akaweka sheria: mkasi haugusi kitambaa bila karatasi ya kazi iliyotoka kwenye mfumo. Akaniambia pia, bila kutabasamu, kwamba mfumo ukimharibia mteja hata mmoja, sisi tunarudi kwenye daftari na mimi narudi kwetu Kitui.

Sasa, leo ni Ijumaa. Kesho ni ruracio ya Njoki, yaani wakwe wanaleta mahari, na mama yake Njoki ndiye mwenye plot, jengo hili tulilopanga. Alipimwa Jumanne, lakini kitambaa chake kilifika jana jioni. Gauni lilitakiwa liwe tayari leo saa kumi. Kitambaa ni zawadi kutoka kwa wakwe wenyewe, na ni kipande kimoja tu, hakuna kingine.

Saa mbili asubuhi nawasha kompyuta. Mfumo unazunguka tu. Nanywa chai, unazunguka. Namaliza mandazi mawili, unazunguka. Fundi Kimeu amesimama mlangoni na mkasi mkononi, ananiangalia. Nikampigia jamaa wa kampuni iliyotuuzia.

"Niaje bro," akasema. "Hiyo sistimu imeshiba. Toa vitu za kitambo uziweke stoo. Ni kitu ndogo."

Stoo anayoisema iko humohumo ndani ya mfumo. Ni mahali pa kuhifadhi kumbukumbu kuukuu ili zisiupunguzie mfumo mwendo. Zikishaingia huko, huzioni tena kwenye orodha ya kila siku.

"Lakini chunga," akaongeza. "Ukishazitupa huko, kuzirudisha ni sisi tu, na ni siku tatu za kazi."

"Usijali, mimi nimebobea," nikamjibu. (Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.)

Nikafungua orodha ya vipimo. Ilikuwa kurasa nyingi sana. Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Mtu aliyekaa na madaftari miezi mitatu anajua jambo moja: ukurasa wa kwanza ndio wa kale, wa mwisho ndio mpya. Nikatia alama kurasa arobaini za mwanzo. Mfumo ukaniuliza, "Una hakika?" Nikabonyeza ndiyo. Ukaniuliza tena! Nikaona unanidharau, nikabonyeza kwa nguvu zaidi.

Mfumo ukawa mwepesi ajabu. Nikapiga mluzi. Nikaprinti karatasi ya Mama Njoki na kumkabidhi Fundi Kimeu kama mtu anayetoa cheti.

Akaisoma. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

"Mutua, hii kiuno ni ya nani?"

"Ya Mama Njoki."

"Mama Njoki mwenye plot?"

"Mwenyewe."

"Inchi ishirini na sita?"

Kusema kweli, hata mimi nilishtuka kidogo. Lakini huyu mama tumekuwa tukimwona kila asubuhi, miezi mitatu sasa, akipita hapa mbio mbio na soksi ndefu, jasho likimtiririka. Nikajiambia, kumbe mazoezi yanafanya kazi! (Mimi nilisomea biashara. Miili ya kina mama haikuwa kwenye mtihani.)

"Fundi, kata kama karatasi inavyosema," nikamwambia. "Ndiyo maana tulinunua mfumo."

Alinisukumia kalamu. "Weka sahihi hapa chini."

Nikaweka, tena kwa madaha.

Saa nne mkasi ukapita. Madam alikuwa ametoka kutafuta vifungo, kwa hiyo hakuona chochote. Mafundi watatu waligawana kazi, huyu mikono, yule kola, mwingine sketi. Kila nikipita karibu na meza naona lile gauni linavyozidi kuwa jembamba. Saa nane nikataka kusema kitu. Nikasema nini? Sahihi ilikuwa yangu. Nikarudi kwenye kiti, nikajifanya napanga oda.

Saa kumi kamili wakaingia. Mama Njoki mbele, Njoki nyuma yake, na kina mama wawili wa kanisa waliokuja kuona gauni. Madam naye akaingia nao kutoka mjini, ana furaha kabisa. Gauni lilikuwa limening'inizwa na lilipendeza, hilo siwezi kukataa.

"Haki ni nzuri!" Mama Njoki akasema. "Lakini mbona inakaa kama ya Njoki?"

Wote wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, huku mgongo umelowa.

Akaingia nyuma ya pazia na Njoki. Tukasikia kitambaa kikihangaika. Tukasikia pumzi ikivutwa.

"Mum, toa hewa."

"Nimetoa! Imeisha!"

"Toa ingine."

Zipu ikapanda kidogo, ikasimama katikati ya mgongo. Ikakataa kwenda juu. Ikakataa kurudi chini. Pazia likafunguka, Mama Njoki akatoka, mikono imekaa pembeni kama mtu aliyebeba ndoo mbili, uso umemwiva.

"Mutheu, kesho wageni wanakuja kwangu na mimi siwezi kupumua. Hii ni nini?"

Madam alifungua mdomo. Angeomba radhi, angesema tunarekebisha, mambo yangeisha. Lakini mimi nilisimama. Sijui nani alinisimamisha.

"Mama, mfumo haukosei," nikasema. "Labda ni wewe. Tangu Jumanne umeongezeka kidogo."

Fundi mmoja akaacha mguu ukining'inia juu ya pedali.

"Nimefanya nini?"

"Kidogo tu," nikasema. (Kidogo tu! Ardhi ilikuwa wapi?)

"Kijana!" akasema, na hapo ndipo niliona macho yamejaa machozi. "Miezi mitatu sijaonja chapati! Miezi mitatu nala sukuma wiki na maji ya ndimu, nakimbia kama mwizi, ili nisimame mbele ya wakwe zangu nikiwa mtu. Na wewe unaniambia nimeongezeka tangu Jumanne?"

Kina mama wa kanisa waliniangalia namna ambayo sitaisahau. Nilitamani kujiingiza stoo ya mfumo nifungiwe humo siku tatu za kazi.

Madam aliichukua ile karatasi ya kazi kutoka mezani kwa Fundi Kimeu na kuisogeza karibu na macho. Alisoma juu, akashuka, akafika chini kabisa palipoandikwa tarehe kwa herufi ndogo kama chawa.

"Mutua. Asubuhi umeweka nini kwa hiyo stoo?"

"Kumbukumbu za zamani, Madam."

"Hizi vipimo nilichukua mimi, kwa daftari langu la kwanza. Hii ni gauni ya ruracio yake mwenyewe. Miaka ishirini na saba!"

Nikakimbilia kompyuta. Orodha ya mfumo huanza na vipya juu! Nilikuwa nimetupa stoo vipimo vipya vya wateja wote na kuacha vya kale. Nikasema ukweli wote hapohapo, mbele ya kila mtu. Fundi Kimeu alikuwa ameshaanza kufumua ubavu wa gauni ili Mama Njoki apumue. Vipimo vidogo huacha kitambaa kingi, akasema, ataongeza vipande pande zote mbili na hakuna atakayejua. Nilitaka kumkumbatia. Alikuwa na mkasi, nikaacha.

Mama Njoki akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi."

Akaisoma polepole. Nikangoja nifukuzwe kwenye plot.

"Njoki, kuja uone," akasema. "Babako alipewa hii kiuno. Inchi ishirini na sita, na bado alikuwa akisema mahari iko juu!"

Kina mama walicheka mpaka mmoja akakalia furushi la vitambaa. Mama Njoki akacheka huku anajifuta macho. Madam akampima upya nyuma ya pazia, akaniletea namba zimekunjwa kwenye kikaratasi (sizitaji, naogopa). Nilipoketi kuziingiza, nikahisi mtu ameinama begani mwangu.

"Kijana," Mama Njoki akaninong'oneza, "hizo za leo ndizo utupe stoo. Zile za kitambo ziwache hapo juu."

Sasa ni saa kumi na mbili jioni na nimeketi sakafuni nikifumua uzi. Kazi bado ninayo, ila Madam ameweka daftari jipya juu ya kibodi yangu na kunivisha tepu ya kupimia shingoni. Mpaka Jumatano, kampuni itakapovirudisha vile vipimo, kila mteja nitampima mwenyewe na kumwomba radhi.

Tafadhali msicheke. Na wewe unayecheka, vipimo vyako vilivyobaki kwenye mfumo ni vya kidato cha pili, na karatasi naprinti mimi.