Chujio Lenye Uzi Mwekundu

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha wanahisa, saluni kwa kinyozi. Tuko kumi na mmoja, na sote tumenunua hisa za Kampuni ileile, ya kuuza vyombo vya nyumbani kwa mtandao. Kampuni inasema inapeleka mizigo elfu tano kwa siku. Inasema ina ghala kubwa kama uwanja wa mpira. Mwalimu mstaafu, mwenyekiti wetu, akauliza nani ameliona ghala hilo. Hakuna hata mmoja! Anayetaka kujitoa ana mpaka Jumamosi saa kumi jioni. Baada ya hapo fedha zinafungwa miaka mitatu. Basi lazima apatikane mhakiki. Kinyozi akanyoosha mkono. Mimi nikanyoosha yote miwili. Nimeshinda, kwa sababu nafanya kazi duka la kutoa kopi na ripoti itachapwa bure.

Mke wangu amenikumbusha kwamba hisa zetu ni akiba yake ya kununulia cherehani. Anayoshonea sasa ni ya dada yake, na shemeji anaitaka mwisho wa wiki ijayo. Nimemwambia atulie. Mhakiki ni mumewe!

Jumanne, 4 Machi

Nimejitengenezea muhuri: IMEHAKIKIWA. Pia kitambulisho chenye picha, ndani ya plastiki. Nimetoka vizuri, ingawa sikio moja limekatwa.

Mchana, ghalani. Geti la bluu, kufuli, mlinzi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikamuuliza wafanyakazi wako wapi. Akasema wametoka wote kupeleka mizigo. Nimeandika: wachapakazi. Nikaomba kuchungulia kidogo. Akasema ufunguo nao umetoka.

Mbinu nyingine, basi. Nimeagiza kama mteja wa kawaida, kwa jina la marehemu babu. Bidhaa rahisi kuliko zote kwenye tovuti yao: chujio la chai.

Jumatano, 5 Machi

Limefika! Saa tatu asubuhi, ndani ya boksi linalotosha televisheni, limezungushiwa magazeti tele. Mpini umepinda kidogo kushoto, lakini nani anachuja kwa mpini? Mleta mzigo ana adabu, ameniita mzee. Wanasema usiporidhika unarudisha siku hiyohiyo na fedha yako unapewa. Nikamwita alichukue jioni. Akasema hakuna shida mzee, wengi wanarudisha. Uhakiki bila gharama!

Kabla halijaondoka, mke wangu alilichukua, akakaa nalo kidogo kwenye taa ya cherehani. Nilidhani anapima ubora.

Alhamisi, 6 Machi

Usaliti! Kinyozi anafanya uhakiki wake kwa kificho. Ameagiza, limemfikia leo asubuhi, amesharudisha. Chujio! Nilikwenda kumkanya, nikamkuta mwalimu kwenye kiti, sabuni kidevuni. Akakiri kwamba naye aliliagiza, wiki iliyopita. Tukawapigia wengine. Wote kumi na mmoja wameagiza, kila mtu kwa siri yake, kila mtu chujio, kwa kuwa ndilo rahisi. Na kila mtu amerudisha.

Nilifura. Kisha nikapiga hesabu. Oda kumi na moja, zote zimefika, hakuna iliyochelewa. Asilimia mia! Mwalimu anasema mpini wa lake ulipinda kushoto. Kinyozi vilevile. Nimeandika: ubora usiobadilika. Kinyozi akaongeza kwamba la kwake lilikuwa na uzi mwekundu umefungwa mpinini, fundo dogo safi. Nimeandika: nembo mpya. Kampuni yenye nembo si ya mchezo.

Ijumaa, 7 Machi

Nilimsimulia mke wangu habari za nembo. Akaweka kikombe chini. Akasema uzi ule ni wake, aliufunga mwenyewe Jumatano, fundo lake la kumalizia vifungo, ili aone kama chujio hilohilo litapelekwa kwa mtu tunayemjua. Kwa hiyo Kampuni ina chujio moja. Nikamwambia uzi mwekundu umejaa duniani. Akaniletea kidonge chake cha uzi. Akauliza kama kuna mteja hata mmoja asiye mwanahisa. Nikamwambia asiingize siasa kwenye biashara.

Akaniomba, kwa upole kabisa, tutoe zetu tu. Ni kubonyeza simu mara moja.

Nilishika simu. Nakiri hapa kwa kuwa hakuna anayesoma: niliogopa, na nilijua ana haki. Lakini mhakiki akijitoa siku moja kabla ya ripoti yake, watu watasemaje? Kinyozi atachukua kitambulisho! Nikairudisha simu mfukoni.

Jumamosi, 8 Machi

Ripoti! Kurasa saba, jalada la plastiki, muhuri kila ukurasa. Nilianza kusoma saa tisa. Kinyozi akasimama, akadai Kampuni nzima ni chujio moja, maana mipini yote ilipinda kushoto. Nikamuuliza muhuri wake uko wapi. Hana! Watu wakacheka, wakapiga makofi. Akaketi, akainamia simu yake kwa aibu. Saa kumi ikapita.

Kwa furaha nimeagiza chujio tena. Hili nakaa nalo.

Jumatatu, 10 Machi

Chujio lilifika jana. Lina uzi mwekundu. Leo tovuti haifunguki na simu zao hazipatikani. Nilikwenda ghalani mbio. Geti wazi, mlinzi hayupo, ndani chumba kimoja, maboksi matatu na magazeti ya zamani. Wameingia mitini! Mwalimu aliketi kwenye ile ndoo, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Kinyozi kumbe hakuwa na aibu yoyote Jumamosi. Alijitoa katikati ya makofi. Ameshanunua kiti kipya cha kuzunguka.

Sikumwambia mke wangu. Alijua kwa jinsi nilivyovua viatu.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji amekuja kuchukua cherehani. Nimemsaidia kuibeba hadi nje. Amenipa pole, nimemwambia ni mambo ya muda tu.

Mwalimu naye amekuja. Anataka chujio, alipeleke polisi liwe kielelezo. Nimemkatalia. Nimefikiri sana jambo hili. Bidhaa zote za Kampuni ziko jikoni kwangu. Sasa Kampuni ni nani? Ni mimi! Na rekodi yetu ni safi: oda kumi na mbili, hakuna iliyochelewa. Ripoti ninayo tayari, nabadilisha jalada tu. Natafuta wanahisa kumi.

Nimemwomba mke wangu chujio nilipige picha. Amesema analichujia chai. Yuko dirishani, anashona vifungo kwa mkono, kwa uzi uleule, na tangu asubuhi hajaniangalia. Nyumba imetulia sana bila kelele za cherehani. Nafikiri vizuri zaidi.