Pikipiki Ndefu ya Balozi Tadeo

Jumamosi, 5 Novemba 1983. Singe, Babati.

Nimeamua. Natafuta pikipiki. Balozi wa nyumba kumi hawezi kuendelea kutembea kwa miguu huku Melkiori, balozi wa nyumba kumi za upande wa pili, anapita na baiskeli akipiga kengele hata pasipo na mtu. Kuna pikipiki mbili. Ya kwanza ndogo, nyekundu, ya Kornelia, mkunga wa hapahapa Singe anayestaafu. Ya pili ndefu, nyeusi, ya Hilary, fundi wa matingatinga kule Bagara anayerudi kwao Moshi. Wote wawili hawataki noti. Noti za nini, na maduka yenyewe ni rafu tupu? Kila mmoja anataka maksai. Mimi ninao wawili!

Kandida, mke wangu, ameuliza shamba litalimwa na nini, maana plau haivutwi na maksai mmoja na mvua zimekaribia. Nimemwambia mambo ya uongozi aniachie mimi.

Jumapili, 6 Novemba.

Nimezikagua baada ya misa. Nilikaa kwenye nyekundu, miguu yote miwili ikatua chini. Kornelia akasema ndiyo pikipiki ya mtu anayeanza: nyepesi, ikitaka kulala unaizuia kwa mguu. Tena maksai angemlimia. Tungemfunga nira moja na wangu atakayebaki, tulime shamba lake na langu kwa zamu. Shauri zuri. Nilishafungua mdomo kukubali.

Hapo Melkiori, ambaye hakuna aliyemwalika, akasema kweli, hiyo inamfaa Balozi, imelingana naye kimo. Watu wakacheka. Kimo!

Nikaenda moja kwa moja kwa Hilary. Nyeusi ina kiti kilichoinuka kama mimbari. Nilipopanda, vidole vya miguu havikugusa kitu. Hilary akaniuliza mara mbili kama nina hakika, kwa sababu maksai atamchinja kwenye harusi ya mdogo wake, nisije baadaye kumdai. Nikamjibu kwamba mimi nikishasema nimesema.

Jumanne, 8 Novemba.

Maarifa ameondoka. (Maksai wangu wanaitwa Juhudi na Maarifa. Majina niliyachagua mwenyewe, kwa uzalendo.) Alinitazama langoni, nami nikatazama pembeni. Kusema kweli, roho iliniuma. Mtaani wameshaanza kusema Tadeo amebaki na Juhudi tu. Wivu!

Kandida alifunga mlango wa jiko kwa kishindo. Hilary amenifundisha gia na klachi mchana kutwa, kisha akaniachia debe la petroli la kuweka nyumbani. Kuendesha nimeweza. Kusimama bado.

Alhamisi, 10 Novemba.

Dawa imepatikana! Mtu mfupi, yaani mtu wa kimo cha kawaida, akipata kitu cha kukanyagia anasimama vizuri tu. Nyumbani kuna kichuguu. Kanisani kuna ngazi. Sokoni kuna jukwaa la mizani. Kwa hiyo natoka kichuguu hadi mizani, mizani hadi kanisani. Katikati sisimami kwa ajili ya mtu yeyote. Mzee Romani alinyoosha mkono nimpe lifti, nikampungia. Nikamwamkia shikamoo nikiwa mwendoni. Marahaba yake sikuisikia. Leo amemwambia Kandida kwamba pikipiki imenivimbisha kichwa.

Jumapili, 13 Novemba.

Siku mbaya. Serikali imepiga marufuku kuendesha Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kubana mafuta. Misa ilirefuka, baada ya misa matangazo, baada ya matangazo watu wakataka kuishangaa pikipiki. Ningewakatiza vipi? Nikachelewa.

Karibu na soko trafiki akapiga filimbi. Nikamwonyesha kwa kidole kwamba nasimama pale mbele, kwenye mizani. Jukwaa lote lilikuwa limekaliwa na kina mama wa ndizi. Nikazunguka soko. Filimbi tena. Nikawa naeleza kila nikimpitia, maneno machache kwa kila mzunguko: kwamba naheshimu sheria, kwamba tatizo ni ndizi. Mwishowe trafiki akaomba kigoda, akakaa kunisubiri.

Petroli ikaisha mbele yake. Nililala taratibu sana, pikipiki juu yangu.

Na nani katokea pale? Melkiori! Na pikipiki nyekundu! Jana amempa Kornelia maksai mmoja kati ya wengi alionao. Alikuwa anaisukuma kwa mkono, eti kiongozi hutii sheria. Akasimama, akapanda, akakanyaga chini miguu yote miwili, makusudi, nione. Pikipiki yangu imelala kituo cha polisi. Mimi nimerudi kwa miguu.

Jumatano, 16 Novemba.

Nimerudishiwa kwa onyo. Sikukata tamaa hata kidogo. Nimemwagiza fundi Modesti makatambuga ya tabaka nne za tairi, na sasa nagusa chini! Kutembea nayo ni kazi, lakini mwenye pikipiki anatembea kwenda wapi? Shida ndogo ni kwamba mguu sasa hauingii chini ya gia. Nimekwenda Bagara na kurudi kwa gia ya kwanza. Mbwa walinisindikiza, wakitembea.

Ijumaa, 18 Novemba.

Mvua! Majirani wote wako shambani. Kandida alisimama mlangoni na mbegu mkononi akanitazama. Akasema Natalia, mtoto wetu, hatakula taa ya pikipiki. Maneno makali asubuhi yote hii.

Nimemfunga Juhudi plau peke yake. Amechora duara moja, akalala. Nikafikiri haraka, kama ilivyo kawaida yangu. Nira ina pande mbili. Upande mmoja Juhudi, upande wa pili nikafunga pikipiki. Nikamimina petroli ya mwisho, nikapiga kiki. Injini ikanguruma.

Juhudi akaondoka. Na plau. Na pikipiki. Nami nikiwa nimekaa juu yake hadi kwenye mtaro wa kwanza. Tumemkuta zizini kwa Kornelia, amesimama kando ya yule maksai wa Melkiori, ametulia. Pikipiki imepoteza taa, kioo na usukani kidogo.

Jumatatu, 21 Novemba.

Shamba limelimwa. Kandida na Kornelia wamewafunga Juhudi na yule mwenzake nira moja, wakalima la Kornelia, kisha la kwetu. Mimi sikushirikishwa. Niliambiwa nikae mbali na injini yangu. Nilisimama ukingoni nikatazama udongo umegeuzwa, nikafurahi kupita kiasi, maana nilikuwa nimeogopa njaa na sikumwambia mtu. Aibu nayo ilikuja. Haikukaa. Jioni kwenye mkutano wa tawi nimetangaza kwamba kulima kwa ushirikiano ni mpango niliouandaa tangu mwanzo wa mwezi. Melkiori alikohoa mpaka akaletewa maji.

Alhamisi, 24 Novemba.

Mahindi yameshapandwa, nimepata utulivu wa kutafakari. Kiungwana, nakiri kosa langu. Nilipochagua pikipiki nilisikiliza mno habari za urefu. Urefu hauna neno. Neno ni magurudumu. Mawili ni machache! Kitu cha magurudumu manne kinasimama chenyewe, mwenyewe ukitaka unalala ndani.

Paskasi wa Bagara ana pikapu. Kwa sasa haina injini, lakini viti vyake havina hata tundu, na honi inalia. Haombi noti. Anaomba maksai mmoja, nami ninaye.

Jambo la ajabu, Juhudi hayupo zizini. Kandida amempeleka kulala kwa Kornelia, chini ya kufuli, eti kwa usalama wake. Sikuuliza dhidi ya nani. Itakuwa fisi. Wamezidi siku hizi, na ulinzi wa mifugo ni kazi ya balozi. Kesho asubuhi na mapema nakwenda kumwomba Kornelia ufunguo.