Fimbo ya Damu ya Mzee, Rili ya Dhahabu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nafasi imepatikana! Mwenzake Baba mkwe wa siku zote katika kuvua samaki amehamia kwa binti yake, mbali kabisa, na kiti cha pili cha boti kiko wazi. Boti ni ya watu wawili. Baba mkwe ni mmoja. Hesabu hiyo haihitaji shule.

Tatizo ni mwanyumba. Yeye kamwoa dada mkubwa, mimi nimemwoa mdogo, na tangu hapo hatuishi kupimana. Ni mwalimu wa udereva. Husema "taratibu" hata anapopitishiwa chumvi. Baba mkwe anamwita "mwanangu". Mimi, mwaka wa tisa huu, ananiita "wewe wa mapazia". Wewe wa mapazia, sogeza kiti. Wewe wa mapazia, funga mlango. Mke wangu husema nisijali. Najali! Inaniuma.

Jana baada ya chakula mzee akatoa tangazo. Jumamosi hii, bwawani, kila mkwe aje na fimbo yake ya kuvulia na rili yake, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Mwenyewe achague, mwenyewe aoanishe. Halafu atupe chambo hadi kwenye beseni jekundu litakaloelea hatua ishirini kutoka ukingoni. Atakayemridhisha atakaa naye botini kila Jumamosi. Mzee alikuwa fundi saa miaka arobaini. Alisema vitu viwili vizuri visivyopatana ni takataka mbili. Sikuelewa. Nikatikisa kichwa kwa hekima.

Wanavua besi, yule samaki wa mdomo mpana. Mimi sijawahi kuvua hata dagaa. Lakini nimeuza fimbo za mapazia miaka kumi na mmoja. Mtu asije akaniambia kitu kuhusu fimbo.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Dukani kwa Mama Ndoano, nyuma ya karakana ya baiskeli. Hilo ndilo jina wanalomwita wavuvi wote, na herini zake ni ndoano kweli.

Nikaomba viti viwili. Nikalaza fimbo moja moja juu yake na kuikandamiza katikati, kama tunavyofanya kazini. Kumi na moja za kwanza zilipinda. Aibu! Nikazirudisha. Ya kumi na mbili ikakataa kupinda hata nilipoikalia. Na rangi yake je? Damu ya mzee, tena inang'aa. Nikajua ni yangu.

Mama Ndoano akasema fimbo hiyo ni ya kuburutia samaki mkubwa kutoka kwenye magugu, na inataka chambo kizito. Akauliza nina chambo gani. Nikamwonyesha kisamaki changu cha plastiki, uzito wake kama vifungo viwili vya shati. Akasema hapo hapatani mtu. Chambo chepesi kinataka fimbo laini, maana kule kupinda ndiko kunakokirusha. Nilicheka kwa adabu. Miaka kumi na mmoja, hakuna mteja aliyewahi kurudisha fimbo eti haipindi.

Rili nikachagua ya dhahabu. Dhahabu na damu ya mzee! Mchanganyiko huo nilimuuzia mke wa daktari kwa sebule yake, na mpaka leo wageni wanausifu. Mama Ndoano akaendelea kunisomesha: rili ya aina hii hukaa juu ya fimbo, si chini. Chambo kikiruka, gurudumu linazunguka lenyewe, kwa hiyo ulishike kwa dole gumba. Ubavuni kuna kitufe: ukikikaza gurudumu linakwenda polepole, ukikilegeza linakimbia. Likikimbia kuliko chambo, mshipi unafumuka na kuwa kiota. Tena mkono wa kuzungushia uko kushoto, na mimi natumia kulia. Nikamwambia mikono ni mikono.

Kitufe nimekiweka moyoni. Kina kazi.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango wa kijasusi. Nimeomba somo la udereva kwa mwanyumba. Leseni ninayo mwaka wa nane. Nilimwambia nimesahau kurudi nyuma. Alifurahi mno, na mimi sipendi akifurahi.

Alipokwenda kupokea simu, nikafungua buti la gari lake eti niweke mkoba. Vifaa vyake vilikuwa mle ndani. Kichekesho! Fimbo nyembamba, imepauka, ukiigusa ncha inatikisika kama tambi. Rili nyeusi, imekwaruzika. Hakuna rangi hata moja inayomjua mwenzake. Mtu mzima anaingiaje mbele za watu na vitu hivyo?

Lakini adui ni adui. Kitufe chake cha ubavuni kilikuwa kimelegea kabisa. Nikakikaza. Nikakikaza tena. Sasa gurudumu lake litakwenda kwa mwendo wa konokono na chambo chake kitaanguka kwenye viatu vyake. Nimemtilia mchanga kitumbua chake!

Somo lenyewe halikwenda vizuri. Niligonga pipa. Akasema taratibu.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mazoezi, dukani kwetu, saa ya chakula. Bosi alikuwa ametoka. Nikafunga pete ya pazia badala ya chambo, kwa usalama. Kitufe cha rili yangu nikakilegeza hadi mwisho. Wengine waende polepole. Mimi nataka mbali!

Nikarusha kwa nguvu zote. Pete ikanasa juu ya onyesho letu la mbele, lile la mapazia saba. Nikavuta kidogo tu. Yakashuka yote kwa pamoja, na chini yake kulikuwa na mteja ambaye sikumwona akiingia. Sauti ikatoka ndani ya kitambaa ikiuliza kama hili lina bitana. Nikasema ndiyo, mama, lina bitana. Akalichukua. Mtu akizaliwa na kipaji cha biashara hata ajali inamletea mteja.

Bosi alirudi wakati namfunua. Nimekunja mapazia mpaka saa za kufunga.

Rili ilikuwa imefanya kiota, kama alivyosema yule mama. Bahati mbaya ya mara moja. Nikaukata mshipi wote kwa mkasi na kutia mpya. Nikaujaza mpaka ukafurika, maana mshipi mwingi ndio mwendo mrefu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo sikufanya mazoezi. Ukizidisha unachosha kifaa. Nimepiga pasi shati la damu ya mzee, lioane na fimbo. Mke wangu kauliza kama samaki wataliona. Nimeandika hotuba fupi ya shukrani, kurasa tatu.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Tulifika bwawani asubuhi na mapema. Baba mkwe alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kofia usoni. Dada mtu na mke wangu walileta chai. Beseni jekundu lilielea kule mbali, mbali kuliko hatua ishirini nilizozijua mimi.

Mwanyumba akatangulia. Nikakunja mikono nikisubiri achekwe. Akaipeperusha ile tambi yake, hata jasho hakutoa, ikapinda, ikanyooka, na chambo kikaenda kimya kimya kikatua ndani ya beseni. Ndani! Akarudia. Ndani tena! Kisha akageuka, uso umekunjuka kwa furaha, akasema wiki nzima rili yake ilikuwa ikimfanyia viota na alikuwa amekata tamaa kabisa, lakini tangu Jumatano jioni imetulia yenyewe, na hajui ni malaika gani kaigusa.

Lahaula! Malaika nilikuwa nimesimama pale pale, nimevaa shati la damu ya mzee.

Baba mkwe akasema vizuri, mwanangu. Lile "mwanangu" likanichoma hapa, kifuani. Kwa hasira nikasogea ukingoni. Nikajaribu mkono wa kulia, kizungushio kikawa kushoto. Nikabadili. Nikainua fimbo kama anayepasua kuni, nikarusha.

Fimbo haikupinda hata kidogo. Fimbo bora! Chambo kikaanguka hatua nne mbele yangu, kwenye tope. Lakini gurudumu halikupata habari. Likaendelea kuzunguka, likilia kama cherehani, na mshipi ukafumuka, ukavimba, ukanimwagikia kifuani, ukashika kifungo cha shati, ukapanda hadi sikioni. Nilipojaribu kujinasua ukanifunga na mkono.

Mwanyumba akafungua mdomo. Nikamwambia akisema taratibu namsukuma majini.

Baba mkwe akavua kofia. Akanitazama. Nikajua yamekwisha, nitakufa nikiitwa wa mapazia. Akasema nilete hiyo rili. Nikamwambia hailetiki bila mimi, maana tumefungamana. Basi nikaletwa na mimi.

Akanikalisha chini mbele ya ndoo yake. Akatoa mfukoni ile lenzi ya mafundi saa, akaibana jichoni. Akatoa sindano. Akainama. Kisha akasema, taratibu kuliko hata mwanyumba, kwamba katika maisha yake hajapata kuona fundo la namna hii.

Saa mbili nzima! Akachomoa uzi mmoja, akafuata ulikoingia, akasimama, akacheka peke yake. Shika hapa, usivute. Nikashika. Akanihadithia saa ya mfukoni iliyoingia unga wa ngano, na mwenye nayo alikuwa mwokaji, na jinsi alivyoisafisha jino kwa jino. Legeza hapo. Nikalegeza. Akanihadithia nyingine. Akaanza kuimba kwa mluzi. Chai yake ikapoa hakuigusa. Mke wangu alikuwa akimtazama na macho yamejaa machozi, nadhani ni vumbi. Mwanyumba alivua samaki wawili wazuri, akawainua juu, hakuna aliyegeuka.

Fundo la mwisho lilipoachia, mzee akapiga goti kwa kiganja. Akasema Jumamosi ijayo nije mimi botini, mapema, na nije na rili hii hii. Mwanyumba, akasema, ni mtu mzima, hata ukingoni atavua vizuri.

Kisha akanishika bega. Akasema, "Mwanangu, usichelewe."

Mungu si Athumani! Nilishindwa kutoa hotuba. Nilikuwa nalia.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimekaa nikachambua ushindi wangu kitaalamu. Ni rangi. Mzee ana jicho la fundi, aliona dhahabu juu ya damu ya mzee akajua yuko mbele ya mtu anayejua kuoanisha. Beseni lilikuwa geresha tu.

Mke wangu anasema sivyo hata kidogo. Anasema babake hajapiga mluzi tangu alipofunga duka lake la saa. Anasema nyumbani amekwisha fungua redio, kengele ya mlango na mzani wa jikoni, vyote vikiwa vizima, akavifunga tena, kwa sababu mikono yake inatafuta kazi haipati. Anasema mzee hakuchagua fimbo wala rili. Amechagua lile fundo, na mtu wa kukaa naye akilifungua. Akaniomba, tena kwa upole, nisibadilishe kitu chochote. Chochote, kasema, hata kitufe.

Nampenda mke wangu. Lakini vifaa si fani yake.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Sikulala vizuri kwa kumfikiria mzee. Saa mbili ameinama, mgongo ule, macho yale! Na kwa upole wake hakulalamika hata mara moja. Mkwe gani anamfanyia mzee unyama kama huo kila Jumamosi? Si mimi.

Nimekwenda kwa Mama Ndoano kabla ya kazi. Nikamwambia nipe rili isiyofumuka kamwe. Akanipa ya kufunikwa, mshipi uko ndani ya kifuniko, unabonyeza kidude nyuma na basi. Amesema hata mtoto wa miaka minne hawezi kuifanyia kiota, na inakaa juu ya fimbo yangu bila shida. Nimechukua ya kijani. Kijani na damu ya mzee ni mchanganyiko mzito lakini unakubalika, hasa vyumba vya kulala. Nimeijaribu uani mara thelathini. Hakuna hata fundo moja! Jumamosi Baba mkwe hatakuwa na kazi yoyote. Atakaa tu, mikono mapajani, apumzike.

Mshindi mwema hasahau aliyeshindwa. Jioni nimempelekea mwanyumba ile rili ya dhahabu, maskini, ajiliwaze nayo pale ukingoni karibu na boti yetu. Alinishukuru mpaka nikaona haya. Na ili asije akasema nimempa kitu kibovu, nimemlegezea kitufe chote.