Hotuba ya Mheshimiwa Taberannang Siku ya Kuwaaga Wasomi Waendao China

Waheshimiwa wazee wa maneaba, ukumbi wetu huu wa mikutano, mlioketi kila mmoja mbele ya nguzo ya ukoo wake. Mheshimiwa Meya, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Makamu wa Meya, ambaye hata udhuru hakutuma. Padri, Mchungaji, na ninyi mliokaa katikati yao ili wasibishane. Kina mama wa kwaya. Wadau wa elimu, wadau wa samaki, na wadau wengine wote kwa kadiri ya udau wenu: mauri!

(Watu wanaitikia: "Mauri!" Nei Rerebati, ambaye ni bibi wa binti anayeagwa leo, Tiebane, anapaza sauti: "Fupisha, baba! Ndege inatua saa nane!")

Nimekusikia, bibi, na nitafupisha kwa urefu unaostahili. Mimi, Taberannang Kautuna, Mwenyekiti wa Kamati ya Kisiwa ya Maandalizi ya Kupeleka Vijana China, nasimama hapa kwa unyenyekevu mkubwa, mkubwa kuliko wa mwenyekiti yeyote aliyenitangulia. (Sauti: "Hakuna aliyekutangulia!") Mmeona? Rekodi yangu haijavunjwa.

Ndugu zangu, kwenda kusoma China si sawa na kwenda kuchimba viazi vya babai shimoni. Kunahitaji mkakati, dira, mpango kazi na lojistiki, na kwa mujibu wa tathmini niliyoifanya mwenyewe juu ya utendaji wangu mwenyewe, maandalizi yamefikia asilimia tisini na nne, huku asilimia sita zilizobaki zikiwa za utekelezaji tu. (Makofi kutoka kwa wajumbe wa kamati, ambao ni wawili.) Tumeanza na suala mtambuka la baridi. Kule maji hugeuka jiwe, na sisi hapa hata siagi haijawahi kuganda. Kwa hiyo niliwafungia vijana wetu wawili, Tiebane na Moote, katika chumba cha barafu pale kituo cha samaki, dakika kumi na tano kila mmoja, koti moja kwa zamu.

(Sauti: "Jenereta lilikuwa limekufa! Walitoka wakitokwa jasho!")

Walizoea koti. Baridi ni awamu ya pili. Sasa naomba kijana wetu Moote asimame, mumwone. Huyu alikuwa ameshapata nafasi chuo cha mabaharia, nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "Moote, achana na kusugua sitaha za watu, wewe ni mhandisi mtarajiwa," naye akaiacha nafasi ile. Huo ndio uongozi! (Moote anasimama. Hapigi makofi. "Mheshimiwa, miezi minane nakusubiri. Barua yangu ya chuo iko wapi?") Mwanangu, barua ni matokeo, na sisi bado tuko kwenye mchakato. ("Chuo gani?") Kikubwa. ("Mji gani?") Wa China.

(Kicheko. Moote anabaki amesimama hadi kicheko kinakufa chenyewe.)

Tuendelee na mafanikio. Mbele yenu yuko binti yetu, Nei Tiebane, ambaye leo hii, na sanduku lake hilo, anapanda ndege kwenda mji mkuu, Tarawa, kisha Fiji, kisha China, tunda la kwanza la kamati yangu, kielelezo hai cha...

(Tiebane anainuka. "Samahani, Mheshimiwa, mimi usinitie kwenye asilimia zako. Nilikwenda Tarawa mwenyewe, nikalala kwa shangazi wiki sita. Nikapimwa damu, nikapigwa picha ya kifua. Daktari akasahau kugonga muhuri juu ya picha ya pasipoti kwenye fomu, nikarudi. Polisi wakakosea jina langu kwenye cheti cha tabia njema, nikarudi tena. Kwako niliomba barua moja tu ya utambulisho, ukaniambia muhuri umeazimwa!")

Na ulikuwa umeazimwa kweli! Ndugu zangu, mnaona jinsi nilivyomjengea mtoto huyu moyo wa kujitegemea?

(Mngurumo wa ndege. Watu wanaanza kuinuka, wanatafuta kandambili zao. Tiebane anamfuata Moote, anamtilia bahasha nene mkononi. "Shika. Nakala za fomu zangu zote. Maombi ya ufadhili yanafunguliwa tena Januari. Anza na vyeti, vithibitishwe. Vipimo vya afya weka mwisho, vinakufa baada ya miezi sita. Shangazi nimeshamwambia utalala kwake." Moote anajifuta macho kwa mgongo wa mkono, ananyanyua sanduku la Tiebane na kutangulia mlangoni. Kwaya inaanza kuimba na kumfuata.)

Naomba utulivu! Itifaki haijaruhusu kuimba! Nina kurasa tisa za takwimu! (Padri na Mchungaji wanatoka pamoja, wakijadili nani abariki sanduku.) Basi tuhitimishe kwa kaulimbiu. China! (Watu wanaendelea kutoka.) Elimu! (Mjumbe mmoja anajibu "Juu!" akiwa tayari nje.) Koti moja, ndoto moja!

Mwisho kabisa, shukrani. Nawashukuru wajumbe wangu wawili, ambao nitawateua rasmi mara kamati itakapoundwa. Namshukuru Meya kwa kuubariki mradi huu, baraka atakayoitoa siku nitakapomweleza kuwa upo. Nawashukuru wafadhili wetu kwa nafasi ishirini za masomo, ambazo sina shaka watazitoa pindi nitakapopata anwani yao na kuwaandikia kuziomba. Na kwa namna ya pekee nakushukuru wewe, bibi Nei Rerebati, uliyebaki peke yako humu ndani hadi neno la mwisho, kwa uzalendo usio kifani.

("Uzalendo gani? Umekanyaga mkeka wangu. Toka, nikamuage mjukuu wangu.")