Mstari wa Nne Kwenye Mtarakwa

Jumatatu, 3 Machi 1958, Kuresoi
Ndama wa pili ameliwa. Bwana Nyama, yule mzungu wa idara ya wanyama, anataka kujua ni mnyama gani. Atakayemwonyesha ifikapo Ijumaa atavikwa kofia ya skauti, msaidizi wake wa kufuata nyayo za wanyama. Tuko wawili: mimi Alamin, mtoto wa mjini Nakuru, na Kosgei wa hapa hapa. Nikishindwa, narudi kupima sukari dukani kwa mjomba Bashir. Heri nife!

Jumanne, 4
Kosgei ameshinda ameinama akikagua mavi. Mavi! Mimi nimepata mti wa mtarakwa wenye mikwaruzo mitatu shinani, mirefu, imenyooka. Chui! Juu kuna gogo limekwama matawini. Upepo wa huku una nguvu ajabu.

Jumatano, 5
Balaa. Nimekumbuka paka wa mama hukwaruza kwa kucha nne. Mbona mistari mitatu? Jioni nikachukua kisu cha Mzee Kipketer, mwenyeji wangu, nikamsaidia chui kidogo. Mstari wa nne umetoka mzuri kuliko yote.

Ijumaa, 7
Nimekwisha! Nilimpeleka Bwana Nyama, kijiji kizima nyuma yetu. Nikahutubu juu ya chui. Kosgei akapitisha kidole kwenye mstari wangu, akasema kwa upole kwamba chui huyu ana kisu. Halafu akaeleza. Gogo lile ni mzinga wa nyuki. Mistari mitatu ni alama ya ukoo wa Mzee Kipketer. Minne ni ya ukoo wa kina Kosgei, na wanashukuru sana kwa asali.

Mzee hakucheka. Alinitazama mimi, kisha kisu chake kiunoni mwangu. Nilitamani ardhi inimeze. Ndama aliliwa na fisi. Mavi yalitosha kumjua.

Jumamosi, 8
Naandika haya katika banda la kuku, ndiko ninakolala sasa. Koo mbili hazisalimiani kwa ajili yangu. Kofia kapewa Kosgei. Bwana Nyama kasema mimi nitabaki kubeba mahema yake, lakini ugomvi uishe kabla wazee hawajakagua mti Jumatatu. La sivyo, lori la viazi hadi Nakuru. Chepkurui, mke wa Mzee, amenihurumia. Kanishauri nichukue majani ya chai na sukari, nikaseme kweli mbele ya wazee, niombe msamaha.

Jumapili, 9
Kuomba msamaha, na Kosgei ananitazama chini ya kofia yangu? Siwezi! Nimelia, nimewaza, nimeona njia. Kinacholeta ugomvi ni mistari minne. Mzee amekificha kisu, lakini kifuniko cha kopo hukata vizuri. Nimeongeza wa tano.

Nilimwambia Chepkurui kwamba mti sasa si wa kina Kosgei. Alishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kunieleza mitano ni ya nani. Sikumngoja amalize. Nimechoka na habari mbaya.