Ombi la Kumfelisha Mwanafunzi Wenu Fausta

Elias Manyanda,
Majimoto, Mpimbwe.

Kwa Mkuu wa Chuo cha Afya,

Ndugu Mkuu,

Pokea salamu za heshima kutoka Majimoto, ambako mpunga umestawi na ng'ombe wananenepa. Chuo chako kimetuomba sisi wenye nyumba tuliokaa na wanafunzi wa afya ya jamii tutoe maoni kabla hawajapewa alama. Maoni yangu ni kwamba Fausta, aliyekaa kwangu masika nzima na kuondoka juzi, afelishwe. Nimezipanga sababu zangu kwa namba, isije ikasemwa nina chuki naye.

1. Hakuja na projekta. Wataalamu waliomtangulia walitukusanya kwenye ofisi ya kata, wakatuonyesha vijidudu vikubwa kama mbuzi, tukanywa soda, tukapiga picha ya pamoja na kutawanyika. Huo ndio usomi. Fausta yeye alikaa jikoni na mke wangu, wakamenya karanga.

2. Akiuliza swali, anasubiri jibu. Wenzake waliuliza na kujijibu wenyewe, wala hawakutuchosha.

3. Hili ndilo limeniuma. Nina choo bora, cha bati na mlango wa mbao, nilichojenga baada ya semina. Kila mtaalamu aliyepita alikitazama akiwa ndani ya gari, akaandika, akanipungia mkono. Fausta akafungua mlango. Akakuta mifuko yangu ya mbolea, mikavu kabisa, maana bati lile halivuji. Akaniuliza kwa adabu zote, sasa sisi tunakwenda wapi. Mzee mzima nikalazimika kueleza kwamba Lusia, mke wa mwanangu Cletus, ni mkwe wangu, na mkwe haingii choo ninachoingia mimi. Tukikutana mlangoni, mimi na kopo langu la maji, heshima itabaki wapi? Kwa hiyo kila mtu alikuwa na kichaka chake huko mashambani na familia iliishi kwa amani. Wajukuu wangu mapacha, Kulwa na Doto, waliharisha kila masika hadi kulazwa, lakini hilo tulishalizoea.

4. Nilikuwa nimejiandaa kumjibu pindi atakapodharau mila zetu. Hakudharau, na hotuba yangu ikanibakia mdomoni. Alisema tu, baba, basi nyumba hii inahitaji vyoo viwili na njia mbili zisizokutana. Kesho yake akashika sururu. Ningewezaje kukaa kwenye kiti namwangalia mtoto wa watu anachimba? Nikachimba na mimi, na mgongo unaniuma mpaka leo.

5. Kuchimba huku kumeambukiza kijiji. Jirani yangu Josephat ana wakwe wa kila aina, yeye amechimba vitatu. Zaitun mwenye duka analalamika kwamba dawa zake za kuharisha zinashika vumbi. Vijana wa bodaboda waliozoea kukimbiza watoto zahanati sasa wanacheza drafti. Mtu mmoja, tena mwanafunzi, ametutikisia uchumi wa kijiji kizima.

Kwa hayo, naomba masomo yarudi ukumbini. Wanafunzi wakariri majina ya vijidudu, majina ya wenye nyumba hayawahusu. Wakilazimika kuja vijijini, wasishuke kwenye gari, na mlango wa choo cha mtu wauheshimu.

Nisalimie walimu wote, wapishi wa chuo na mlinzi wa getini. Mke wangu, Cletus, Lusia na mapacha wanakusalimu pia.

Ni mimi, mzazi mwenzenu mwenye masikitiko na mgongo,
Elias Manyanda

Nyongeza: Mkuu, nimeambiwa kwamba mwanafunzi akifaulu anapangiwa kazi mbali, na akifeli anarudishwa kijiji kile kile akarudie mafunzo. Ndiyo maana nimeandika yote hayo. Masika hii Kulwa na Doto hawakulazwa hata mara moja, na tunaogopa masika ijayo itatukuta peke yetu. Mfelishe kidogo tu, mwaka mmoja. Ila kama kufeli kutamharibia maisha, barua hii ichane, mpe alama zote, kisha utuletee mwingine mliyemfundisha hivyo hivyo. Chumba kipo, Lusia anakifagia kila siku.